Kapteni Nduma Nyumbani kwa Mama

Silibwet,
9 Februari 2025

Chepngetich,

Mzigo umefika. Dereva aliuacha dukani kwa Wanjuhi, nami nikaufuata jioni baada ya kumlisha Mama. Nepi nimeziona, sabuni nimeiona, dawa za presha pia. Halafu chini kabisa, chini ya unga wa wimbi, nikakuta kitabu chenye picha ya lori la maziwa linalopaa angani likitoa moshi wa zambarau. Nikafikiri umechanganya, hicho ni cha mwanafunzi wako. Kumbe ndani umeandika jina langu.

Wewe ulisema utakuja. Ulisema mwisho wa Januari utakuja na gari, umchukue Mama akae kwako Kapsoit hata mwezi mmoja, nami nipate kulala. Nilikuwa nimeshamfulia nguo zake na kuzikunja kwenye begi. Begi bado liko mlangoni. Kila nikipita nalipiga teke.

Ningekupigia simu nikuambie haya, lakini unajua ilivyo. Tangu kiharusi kimpate Mama mwezi wa tisa, simu ikilia anadhani ni Baba anapiga kutoka kazini. Anataka apewe aongee naye. Nikimwambia Baba alishafariki, analia kama ndiyo kwanza anapata habari. Kwa hiyo simu imezimwa, iko kwenye kabati la vikombe, na wewe utasoma mwandiko wangu mbaya.

Nina miaka hamsini na mbili. Naamka kumgeuza, namwosha, nakamua ng'ombe, nachuma chai kidogo nikiwa na sikio nyumbani, narudi kumlisha. Sasa niambie nisome saa ngapi habari za lori la maziwa.

Dada yako,
Janeffer


Kapsoit,
14 Februari 2025

Dada Janeffer,

Samahani. Najua nilisema nitakuja. Shule ilipofunguliwa walimu wawili walihamishwa, na sayansi ya madarasa yote imeniangukia mimi. Kimeli naye ni mume wa simu tu, yuko kazini Naivasha, huja mara moja kwa mwezi, na hiyo siku yenyewe anashinda amelala. Usinikasirikie sana.

Kitabu nimekutumia kwa akili zangu timamu. Nilikuwa nafundisha jinsi mimea inavyotengeneza chakula, wasichana wawili wa nyuma wakawa wanacheka wameficha nyuso. Nikawanyang'anya. Saa ya chai nikakifungua ofisini nione ni uchafu gani. Dada, nilicheka mpaka Mwalimu Kuria akaniletea maji akidhani nimesakamwa. Niliwarudishia wasichana chao, nikaenda mjini Kericho kukutafutia chako.

Ni hivi: Nduma ni msichana wa miaka kumi na miwili. Lori la maziwa la kijijini limefungwa injini isiyo yake, likapaa na watoto watano ndani. Nduma ndiye anafanywa kapteni, kwa sababu miguu yake tu ndiyo inafikia pedali. Ndani mna roboti anaitwa Bwana Tafadhali. Huyo ana nguvu za ajabu lakini hafanyi kitu chochote mpaka aombwe kwa adabu. Jiwe kubwa linawajia, Nduma anapiga kelele, "Kata kona!" Roboti anamwuliza, "Kata kona, halafu neno gani?" Jiwe limeshafika dirishani!

Zamani wewe ndiye ulikuwa mcheshi nyumbani. Kanisani ulikuwa unanichekesha kwa kuniangalia tu, halafu mimi ndiye nachapwa. Soma hata ukurasa mmoja, Mama akiwa amelala.

Nikipata nafasi mwezi wa tatu nitakuja.

Mdogo wako,
Chepngetich


Silibwet,
2 Machi 2025

Chepngetich,

Nilianza kukisoma ili nikuandikie kwamba ni upuzi.

Ilikuwa siku ya mvua, kituo cha kupimia majani ya chai hakikufunguliwa, na Mama alikuwa amekataa uji tangu asubuhi. Nikaketi karibu naye, nikasoma kwa sauti ili tu pawe na sauti nyingine mbali na ile ya mabati. Penye Kiswahili kigumu nilimgeuzia kwa Kikipsigis. Hakuonyesha kama anasikia. Ndipo tukafika kwenye ile sayari ya foleni, ambako watu huzaliwa kwenye foleni, wanaoa aliye mbele yao au nyuma yao, na hakuna anayejua foleni ni ya nini. Nduma anatembea siku nzima mpaka mwanzo wake. Anakuta dirisha limefungwa, na karatasi imebandikwa: Nimeenda kunywa chai.

Mama akauliza, "Nani ameenda kunywa chai?"

"Mtu wa dirishani, Mama."

"Na hawa wote?"

"Wanamngoja."

Akacheka. Anacheka upande mmoja wa uso, ule mwingine haumtii, lakini kilikuwa kicheko chenyewe, cha tumboni. Akasema, "Ni kama kliniki." Nami nikacheka, mate yakaingia njia ya hewa, nikakohoa, naye akazidi kucheka kwa sababu nakohoa. Halafu akanywa uji wote.

Sasa Wanjuhi akifunga duka anakuja kusikiliza. Anasema anakuja kumsalimu Mama, lakini juzi Mama alikuwa amelala na hakuondoka. Alikaa pale pale akaniambia, "Basi soma polepole tusimwamshe." Ameanza hata kwa wateja. Mtu akisema nipe sukari, anamwuliza, nikupe sukari, halafu neno gani?

Kwa hiyo asante. Lakini usifikiri nimesahau. Mgongo wangu unauma upande wa kulia mpaka kwenye goti. Huu ni mwezi wa tatu. Unakuja lini?

Janeffer


Kapsoit,
8 Machi 2025

Dada yangu,

Nimesoma barua yako mara nyingi. Ile ya Mama kusema ni kama kliniki nimewasomea walimu wote. Mwalimu Kuria anakiazima kitabu changu sasa (nilinunua viwili, sikukuambia).

Mmefika kwenye mfalme wa mabomba? Yule anayetawala sayari nzima na hajui kuogelea? Usiruke ile sura hata kama ni ndefu. Na mbuzi wa Nduma, yule aliyejificha kwenye tangi, mwangalie vizuri, kuna mambo yanakuja.

Mwezi huu nimebanwa na mitihani. Shule zikifungwa Aprili nitakuja, kabla ya Pasaka. Nimetuma nepi zingine na mafuta ya kukanda mgongo.

Dada, nikuulize kitu. Mama huwa ananitaja?

Chepngetich


Silibwet,
15 Machi 2025

Chepngetich,

Uliuliza kama Mama anakutaja. Anakutaja.

Mafuta yana harufu kali, ng'ombe alinikataa wakati wa kukamua, lakini yanasaidia. Mfalme wa mabomba tumemsoma mara mbili kwa sababu Wanjuhi alikosa ile siku ya kwanza. Nakutumia maziwa ya mursik na mboga. Gudulia lirudi.

Tunakungoja kabla ya Pasaka.

Janeffer


Silibwet,
23 Aprili 2025

Chepngetich,

Pasaka imepita. Nilimvisha Mama lile rinda lake la kijani siku ya Alhamisi kwa sababu ulisema Alhamisi. Nikamvisha tena Ijumaa. Jumamosi nikaliweka kwenye maji.

Nitakuambia kilichotokea Jumatatu, na nitakuambia chote.

Tulikuwa tumebakiza sura tatu, na tulikubaliana na Wanjuhi tusome pamoja. Lakini Mama alilala mchana, nami nikachukua kitabu nikaenda nyuma ya jikoni, nikakaa kwenye gogo. Nilitaka kusoma peke yangu, bila kumgeuzia mtu maneno, bila mtu kuniuliza nani amesema nini. Nilisoma pale roboti anapochoka. Unakumbuka? Wamemwomba hili na lile kwa adabu kitabu kizima, na ghafla anakaa chini katikati ya vita. Wanamwomba, tafadhali simama. Haamki. Nduma ndiye anafikiria, anamwambia, "Tafadhali pumzika." Roboti anasema, "Nilifikiri hakuna mtu anayelijua hilo," halafu anazimika, anakoroma, na wale maadui wanamngoja aamke kwa sababu nao wana adabu. Nilicheka peke yangu kwenye gogo kama mwendawazimu. Nikasoma sura iliyofuata. Mvua ikaanza, nikasogea chini ya paa nikaendelea.

Niliporudi ndani kitanda kilikuwa kitupu.

Bakora anayojikongojea siku akiwa na nguvu haikuwepo. Nilienda chooni, nikaenda kwa ng'ombe, nikaenda mpaka kisimani nikiita. Nilichungulia maji, Chepngetich. Nilikuwa nimeshamwona mle ndani kabla sijachungulia. Wanjuhi ndiye alimpata, kwenye chai yetu ya kule juu karibu na barabara. Alikuwa ameketi kwenye matope katikati ya mistari, anachuma kwa ule mkono mzima. Amevua kanga yake akaitandika chini aweke majani. Alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana. Wanjuhi akamwuliza, "Mama, unafanya nini hapa?" Akasema msimamizi anakuja na kikapu chake bado hakijajaa.

Mimi sikumkumbatia. Nilimpigia kelele. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Aliniangalia kama mtoto anayejua atachapwa. Wanjuhi akaniambia, "Janeffer, nenda nje kidogo," akamwosha yeye.

Alipata homa usiku lakini imeshuka. Kifua kiko wazi, daktari wa mjini amesema hivyo.

Sitasema kosa ni la kitabu. Nilikuwa na raha pale kwenye gogo, na sijakuwa na raha tangu mwaka jana. Nikipata nafasi nitafanya tena, na hilo ndilo linaniogopesha. Usinitumie kitabu kingine. Usinitumie mafuta wala nepi. Ukiwa huji, andika kwamba huji, nijue niko peke yangu.

Janeffer


Kapsoit,
25 Aprili 2025

Dada Janeffer,

Nimemlipa kijana wa bodaboda akufikishie hii leo leo.

Si shule. Shule ni kweli, lakini si hiyo.

Nilipokuja Desemba, ile siku ulienda kutafuta dawa, nilibaki na Mama. Nilimpikia. Nilimketisha, nikamfunga kitambaa shingoni, nikamwekea kijiko mdomoni. Akakitema. Akaniuliza, "Wewe ni nani?" Nikamwambia, "Mimi ni Chepngetich, Mama." Akasema, "Chepngetich namjua. Wewe toka." Akasukuma sahani ikaanguka. Akaanza kuita watu, kwamba kuna mwanamke ameingia kuiba maziwa.

Niliokota chakula. Nikaenda nyuma ya zizi, nikatapika. Uliporudi nilikuambia nina malaria.

Tangu siku ile nikifunga begi mikono inakataa. Alhamisi ya Pasaka nilikuwa nimeshafika kituoni. Gari likajaa, likaondoka, lingine likajaa, nikarudi nyumbani. Nikajiambia nitatuma vitu vizuri. Nikajiambia ukicheka utakuwa umepumzika. Wewe anakujua, Dada. Anakula mkononi mwako. Mimi mtu mzima, mwalimu wa watu, naogopa kuulizwa na mama yangu mimi ni nani.

Nilipokuuliza kama ananitaja, ulijibu neno moja. Nikajua ulikuwa unanionea huruma.

Chepngetich


Silibwet,
27 Aprili 2025

Mdogo wangu,

Wanjuhi amekaa na Mama, na mimi niko dukani kwake naandikia juu ya gunia la mchele.

Sikukuonea huruma. Nilikuonea wivu.

Anakutaja kila siku. Akitaka maji anaita Chepngetich. Akitaka kugeuzwa anaita Chepngetich. Ananiita mimi, lakini kwa jina lako. Tangu Januari sijasikia jina langu mdomoni mwake hata mara moja. Mwanzoni nilikuwa namwambia, "Mama, mimi ni Janeffer." Alikuwa anasema, "Janeffer ameolewa mbali." Mimi niliyerudi kwenye boma hili baada ya kuzika mume, ninayelala mita mbili kutoka kitanda chake! Basi nikaacha kubishana. Naitika. Anaponishika mkono usiku na kuniambia mtoto wangu Chepngetich Mungu akubariki, naitika amina.

Halafu wewe unaniandikia, Mama huwa ananitaja? Nilitaka kuchana ile barua. Mimi ndiye nafua shuka, na wewe ndiye unabarikiwa.

Sasa najua wewe pia ulikuwa unalia huko. Hasira haijaisha, lakini imepungua.

Uso wako umempotea, jina lako hajalipoteza. Uso wangu anaukubali, jina langu hana. Sijui nani kati yetu ana bahati zaidi, na sina nguvu ya kufikiria. Akikuuliza wewe ni nani, atakuuliza. Utatapika ukimaliza kumlisha.

Njoo Jumamosi. Nimechoka kuwa wewe.

Janeffer


Kapsoit,
17 Mei 2025

Dada,

Sikuweza kuandika mapema. Ukiona mwandiko unateremka, nimesinzia.

Wiki mbili sasa tangu nimchukue Mama. Asubuhi nikienda shule anabaki na Mongina, jirani yangu wa kutoka Nyamira, mama mwenye subira kuliko sisi wote wawili tukijumlishwa. Jioni ni mimi. Usiku ni mimi. Ulifanyaje haya miezi minane? Nimemwangusha mara moja, hakuumia, tulianguka pamoja mimi nikiwa chini. Jana nilifundisha darasa la saba somo la darasa la tisa, nusu saa nzima, nao wakaandika tu, maskini ya Mungu.

Siku ya kwanza hakunifukuza. Aliangalia vitabu vyangu mezani, akaniita Mwalimu. Mpaka leo mimi ni Mwalimu. "Mwalimu, asante kwa uji." "Mwalimu, nyumba yako ina baridi." Nilivumilia siku nne. Siku ya tano nikapiga magoti mbele yake nikamwambia, "Mama, ni mimi, Chepngetich."

Aliniangalia sana. Akanishika shavu kwa ule mkono mzima. Akasema, "Pole, Mwalimu. Umechoka."

Nililia kwenye mapaja yake, naye akanipigapiga mgongoni kama mtoto wa watu. Sijui kama hiyo ni mbaya au ni nzuri.

Tumeanza kitabu upya. Anacheka palepale, kwenye dirisha la chai, kama hajawahi kukisikia. Jana nilipofika pale kwa roboti aliyechoka, sikuweza kuendelea. Mongina akakichukua akamalizia.

Dada, nisikufiche. Nilikuahidi nitakaa naye mpaka Agosti, lakini sidhani nitafika. Nilikuwa nafikiri nimlete mwisho wa mwezi huu. Unasemaje?

Mdogo wako,
Chepngetich


Silibwet,
20 Mei 2025

Chepngetich,

Nasema hapana.

Ulivyosema Agosti ni Agosti. Ukizidiwa, niandikie, nitakuja nikae naye Jumamosi na Jumapili halafu nirudi kwangu. Lakini harudi hapa mwezi huu. Sikatai kwa ubaya. Hebu nikueleze nilivyokuwa.

Mlipoondoka niliketi kwenye kitanda chake na viatu vyangu. Nilipoamka ilikuwa giza, nikakimbia kumgeuza, nikashika blanketi tupu. Nililia hapo. Siku ya pili nikalala. Siku ya tatu nilimkamua ng'ombe nikalala tena. Wanjuhi alikuja kuangalia kama nimekufa. Jumatano nikaenda Bomet bila sababu yoyote, nikakaa hotelini nikaagiza chai na mandazi, na hakuna mtu aliyeniita kwa jina langu wala kwa jina lako. Nilikaa mpaka mwenye hoteli akapanguza meza yangu mara mbili.

Namkosa. Usiku nasikia kama ameita. Lakini goti limeacha kuuma, na juzi niliimba nikichuma, Wanjuhi ni shahidi.

Sasa sikiliza. Ukimwosha, anza na miguu, maji ya kichwani yanamshtua. Uji uwe wa vuguvugu, na umshikishe kikombe mwenyewe hata akimwaga. Usiku usimbebe kwa mgongo, inama magotini, mshike chini ya kwapa. Akikuita Mwalimu, itika, usimpigie magoti tena, unamchosha. Akitaka kutoka, mtoe. Mtafutie kichaka kimoja cha chai karibu na uzio, achume hata majani kumi, atalala vizuri. Asante umpe Mongina, nitamtumia viazi.

Unalia kwa sababu hujalala. Na mimi nililia kwa sababu hiyo hiyo, nikadhani ni mambo makubwa. Mengine ni makubwa kweli, lakini si yote.

Ni saa nane mchana, mvua inakuja kutoka upande wa msitu, na nguo ziko kwenye kamba. Ziache zinyeshewe. Mimi narudi kulala.

Dada yako,
Janeffer